Nililipia gesi, kumbe tatizo ni waya

Kilo nne za samaki aina ya changu tulizonunua soko la Feri alfajiri zilituharibikia kabla ya Segera. Tulitoka Tabata, Dar, saa kumi na mbili kwenda Korogwe, foleni ikatushika mpaka tulipoipita Kibaha, chai tukanywa Chalinze, na pancha tukaipatia Mandera. Saa saba mchana mke wangu alifungua lile boksi la umeme la kupoozea nililolisifia wiki nzima, akalifunga hapohapo. Hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma yetu, kapakata mtungi mdogo wa udongo aliouzungushia kitambaa kibichi. Ndani ya mtungi kulikuwa na insulini yake. Nilimwomba tangu nyumbani aiweke kwenye boksi langu la kisasa, akagoma. "Wewe weka samaki wako, mwanangu," aliniambia. "Dawa yangu niachie mwenyewe." Samaki tuliwatupa, dawa ikafika Korogwe salama.

Hapo ndipo safari yangu ya friji ilipoanza. Imenichukua karibu mwaka mzima na hela ambayo nitaitaja huko mbele bila kuficha. Gari lenyewe ni Hiace iliyostaafu udaladala. Nilitoa viti vya nyuma, nikachonga kitanda cha plaiwudi na kabati la vyombo, ili tukienda Korogwe, Lushoto au Mikumi tusiwe tunatafuta gesti usiku na mgonjwa wa sukari ndani. Mama anahitaji kula kwa wakati, na akiba ya insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa iliyoanza kutumika inavumilia nje ya friji wiki kama nne hivi ikiwa mahali pa ubaridi, na ndiyo maana mtungi wa udongo unaisaidia. Ila chupa za akiba za mwezi mzima, kwa joto la Dar la Februari, si za kuziachia mtungi.

Niseme kwanza kuhusu boksi lililoua samaki, maana bado naliona linauzwa kila kona. Ni yale yanayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, yana feni moja na kitufe cha kupooza au kupasha moto. Ndani hakuna kompresa, ile pampu inayobana gesi ya friji. Kuna kigae kidogo ambacho umeme ukipita upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Tatizo lake ni kwamba hakina baridi yake chenyewe, kinachofanya ni kushusha joto la mahali kilipo, na kwa kawaida hakivuki nyuzi 15 mpaka 20 chini ya hapo. Ndani ya Hiace iliyoegeshwa juani, penye nyuzi 38, samaki wako wanakaa kwenye nyuzi 20 huku wewe unadhani wako kwenye friji. Na muda wote huo kinakula umeme bila kupumzika. Nililinunua 180,000. Leo watoto wanawekea midoli.

Nilipoamua kununua friji ya kweli, ushauri ulinijia kutoka kila upande. Shemeji alisema nichukue friji ndogo ya nyumbani niiwekee inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nilikaribia kumsikiliza, kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka. Kilichonizuia ni kwamba friji ya nyumbani inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa, kwa hiyo inveta inabidi iwe kubwa, na inveta nayo inakula betri hata friji ikiwa imelala. Mwingine akanitajia zile za gesi ya kupikia. Zinapooza kwa moto, zinataka gari lisimame sawasawa bila kulalia upande, na joto letu linazishinda. Halafu moto unaowaka ndani ya gari mama amelala? Hapana.

Ikabaki friji ya kompresa ya volti 12. Hii ni friji kama ya nyumbani, inabana gesi na kuizungusha, ila mota yake inakula umeme wa betri moja kwa moja. Haijali sana joto la nje, ikipewa hewa inaweza hata kugandisha. Kariakoo nilizunguka siku mbili. Wauzaji wengi hujua lita na bei, basi. Swali lililonisaidia kuwachuja lilikuwa moja: "Kompresa yake ni ya nani?" Zenye sifa ya miaka mingi kwenye boti na magari ni za Danfoss ya Denmark, ambazo tangu 2010 zinatoka kwa jina la Secop. Zipo na nyingine za Kichina zinazofanya kazi vizuri tu, ila kwa hizo za Danfoss spea na maelezo hupatikana, na hilo ndilo lililokuja kuniokoa.

Nilichukua ya lita 42, ya kufunguka kwa juu, kwa 1,150,000. Ya kufunguka kwa juu niliichagua kwa makusudi. Baridi ni nzito, inashuka. Friji yenye mlango wa mbele kila mtoto akiufungua baridi yote inamwagika miguuni kwake, na unyevu wa Dar unaingia kugeuka barafu. Ya juu baridi inabaki ndani kama maji kwenye ndoo.

Dukani nilifanya kosa dogo ambalo nawasihi msilirudie. Muuzaji aliichomeka ukutani, ikanguruma, tukasikia ubaridi, nikalipa. Ilitakiwa nimwambie ailete betri ya gari tuiwashie hapo. Mimi sikununua friji ya ukutani.

Kosa la pili lilikuwa langu na la aibu kidogo. Nilipima urefu, upana na kina cha friji, nikamchorea seremala wa Buguruni kabati chini ya kitanda, akachonga kazi safi kabisa. Friji ikaingia kama mkono kwenye glavu. Kisha nikajaribu kufungua mfuniko. Nilipima friji, sikupima mfuniko. Ulipofika kiasi cha kupitisha chungwa ukagonga ubao wa kitanda. Tukakata, tukaweka reli za droo ili friji ivutwe nje. Zile reli za kabati la jikoni zilipinda wiki ya kwanza, ikabidi niende kwa mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani wanichomelee za chuma. 95,000 zikaenda hapo kwa sababu ya mfuniko.

Sasa umeme. Fundi umeme wa magari niliyempata ni kijana mchangamfu, mikono myepesi. "Bosi, hii kazi ndogo sana, saa moja tu." Na kweli ilikuwa saa moja. Alivuta waya kutoka betri ya mbele, akaupitisha chini ya kapeti, akafunga tundu la kiberiti kule nyuma, akachomeka friji. Taa ya kijani ikawaka. Nikampa 30,000 na soda. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa rangi nyekundu na nyeusi, wa aina inayofungiwa spika. Niliuona. Nikasema moyoni, si umeme unapita?

Usiku wa kwanza tulilala Bagamoyo. Njia nzima friji ilikuwa nyuzi 4, mimi naringa. Tukazima gari, tukala, tukalala. Saa tano usiku nikaisikia ikinguruma, ikanyamaza. Ikanguruma tena, ikanyamaza. Dakika moja, kimya, dakika moja, kimya. Nilipomulika tochi ilikuwa imefika nyuzi 11. Nikawasha injini, ikapona papo hapo, ikawa inashuka vizuri. Nikazima injini, ikarudia kukohoa. Majirani waliolala ndani ya hema wakatoka kuangalia ni nani anawasha gari saa saba usiku.

Asubuhi nilimpigia fundi umeme. Akaniambia upande wake uko sawa, taa si inawaka, basi friji ndiyo mbovu. Dukani wakaniambia nimtafute fundi friji.

Fundi friji alikuja nyumbani na mtungi wake wa gesi na geji mbili. Alisikiliza ile kohoa-kohoa, akagusa bomba, akatikisa kichwa. "Gesi imepungua, kaka. Hizi za magari zinatikisika, zinavuja." Mfumo wa friji hizi umefungwa kiwandani, hauna mahali pa kuongezea. Akabana vali ya kutoboa kwenye bomba dogo la shaba, ikalia tsss, akaachia iliyokuwemo yote, akajaza mpya kwa kuangalia geji na kwa kubahatisha. Alikuja kwangu mchana, gari nimeliacha likinguruma ili "tusimalize betri", kwa hiyo baada ya kujaza friji ilifanya kazi vizuri mbele ya macho yetu wote. 80,000.

Usiku ikakohoa vilevile. Na sasa kukawa na kipya: bomba linalorudi kwenye kompresa lilikuwa linafanya umande mzito mpaka barafu.

Nilikaa na hilo tatizo wiki tatu, naona aibu hata kulitaja nyumbani. Aliyenitoa ni rafiki anayefanya kazi kwenye boti za kuvulia Msasani. Alinicheka. "Friji za volti 12 tuulize sisi. Boti haina Tanesco." Akanipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza umeme wa boti, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Taa inapepesa mara ngapi?"

Taa gani? Akanionesha. Kwenye kiboksi cha umeme cha kompresa, ubavuni, kuna sehemu ya kufunga kataa kadogo. Kompresa ikisimama kwa hitilafu, kataa kanapepesa idadi fulani, kanatulia, kanarudia. Mara moja: umeme unaofika ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Mara mbili: feni inavuta kupita kiasi. Mara tatu: mota imeshindwa kuanza. Mara nne: mota inazunguka polepole mno. Mara tano: kiboksi kimepata moto. Akaniambia nizime injini, akawasha taa zote za ndani ya gari kuiga usiku, tukasubiri. Kompresa ikanguruma, ikakata. Kataa kakapepesa mara moja. Kakatulia. Mara moja tena.

Akachukua mita. Kwenye betri ilisoma volti 12.1. Akahamia nyuma, akagusa zile nyaya pale zinapoingia kwenye kompresa, akaniambia namba niiangalie mimi mwenyewe, siyo yeye. Kabla kompresa haijawaka, 12.0. Ilipowaka, namba ikaanguka: 11.2, 10.7, 10.4. Tik. Ikakata. Ilipokata, namba ikapanda tena mpaka 12.0 kama vile hakuna kilichotokea.

"Umeona?" alisema. "Hii ikifika 10.4 inajizima kulinda betri. Ikiona imerudi juu ya 11.7 inajaribu tena. Betri yako haina shida. Umeme wako unafia njiani."

Ndipo nikaelewa kwa nini injini ikiwaka friji inapona. Altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, inasukuma volti 14, waya unaiba karibu 2, zinafika 12 na kitu, kompresa inaridhika. Injini ikizimwa betri inatoa 12, waya unaiba zilezile, zinafika 10. Friji haikuwahi kuumwa. Gesi yake ya kiwandani nzima, iliyokuwa imepimwa kwa gramu, nililipa mtu aimwage hewani.

Mzee akaniambia kipimo ninachokitaja kwa kila anayenisikiliza: kwa friji hizi za volti 12, umbali wa waya kutoka betri hadi kompresa kwa mita ndiyo unene wa waya kwa milimita za mraba. Mita 2.5, waya wa 2.5. Mita 4, waya wa 4. Mita 6, waya wa 6. Ndivyo lilivyo hata jedwali la watengenezaji wa kompresa. Mimi nilikuwa na mita 6 za waya wa 0.75. Tundu la kiberiti nalo akalitoa, maana kile chuma cha ndani kinagusa kwa kunyata tu, gari likitikisika kinaachia. Waya ukaingia moja kwa moja, ncha zikabanwa kwa vyuma vya shaba, na fyuzi ya ampea 15 ikakaa karibu kabisa na betri. Karibu na betri, alisisitiza, kwa sababu fyuzi inalinda waya. Ukiiweka kule kwenye friji, mita zote sita za nyuma yake hazina mlinzi, na zinapita chini ya kitanda unacholalia.

Gesi pia alimwita mwenzake airekebishe. Huyo alikuja na mizani. Kibandiko cha friji kinaandika aina ya gesi na gramu zake, yangu ni R134a, gramu ambazo hazijazi hata kikombe cha kahawa. Ukijaza kwa kubahatisha kwenye kitu kidogo hivyo ni rahisi sana kuzidisha, ndipo bomba linaganda kama langu. Angalieni kibandiko chenu pia kwa sababu nyingine: friji nyingi za siku hizi zina R600a, ambayo inashika moto, na mtu akija na kiberiti cha kuchomelea bila kusoma anaweza kuwalipua. Waya, fyuzi, gesi ya pili na ufundi: 210,000.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepona mapema. Ila mzee alinionya jambo ambalo nililipuuza kwa ajili ya hela: "Usiitegemeze kwenye betri ya kuwashia gari." Nikamjibu kimoyomoyo kwamba si inajizima ikifika 10.4? Inajizima, ndiyo. Tatizo betri iliyofika 10.4 haiwezi tena kuwasha injini. Ulinzi ule ni wa kuzuia betri isife kabisa, haukuahidi kukufikisha nyumbani. Friji nyingi zina sehemu ya kuchagua kiwango cha ulinzi, H (juu), M (kati) au L (chini), na ukiwa na betri moja tu weka H, ijizime mapema. Yangu ilikuwa L kama ilivyotoka dukani. Asubuhi moja Mikumi nililazimika kuomba vijana wa gereji waje wasukume, mama ndani anauliza tunasukumwa na nani.

Basi nikanunua betri ya pili, ya kuvumilia kunywewa taratibu, ampea-saa 100 (ndicho kipimo cha umeme inaoubeba), kwa 420,000. Ikakaa nyuma, mita moja na nusu kutoka kwenye friji. Kati yake na ya mbele kuna rilei inayoziunganisha gari likiwaka na kuzitenganisha likizimwa, kwa waya mnene wa 16 wenye fyuzi pande zote mbili. Waya wa friji ni mfupi sasa, nikauacha uleule wa 6. Betri za litiamu ni nzuri zaidi na nyepesi, ila zinataka chaja yake ya kati, zisije zikaivuta altaneta mpaka ikapata moto. Nilihesabu, nikaziacha kwa wakati mwingine.

Joto nalo nusura linishinde. Seremala wangu alikuwa ameziba kabati pande zote, kazi safi kama nilivyosema. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani kwenda nyuma yake, na ukilifungia lile joto kabatini itakuwa inalirudia lilelile. Nilipachika kipimajoto humo: nyuzi 47. Kompresa ilikuwa haipumziki kabisa. Nikatoboa tundu pana chini, upande wa kompresa, na lingine juu kabisa upande wa pili, hewa ya ubaridi iingie chini na ya moto ipande itoke yenyewe, nikaongezea feni ndogo ya kompyuta juu. Gharama haikufika 25,000, na kompresa ikawa inafanya kazi kama nusu ya muda. Katika pesa zote nilizotumia, hizo ndizo zilizozaa zaidi. Tundu la chini nilikuwa nimelipasua kwenye sakafu ya gari, nikajisifu, mpaka tulipoingia njia za vumbi za hifadhini na kila kitu kikawa chekundu, na moshi wa ekzosi nao ukapata mlango. Nimeliziba. Hewa ichukuliwe ndani ya gari.

Kwa hesabu ya mita niliyofunga, mwezi wa pili Dar friji inakula kama ampea-saa 45 kwa siku. Lushoto, usiku ule wa kujifunika mablanketi mawili, haifiki 25. Betri ya asidi ya 100 si vizuri kuinywa zaidi ya nusu, kwa hiyo Dar nina siku moja tu bila kuchaji. Ndiyo maana nikaweka paneli ya wati 200 juu ya paa. Siku ya jua inarudisha karibu zote. Masika hairudishi, tunawasha gari.

Kulikuwa na tukio moja ambalo siliandiki kwa furaha. Baada ya yote hayo mama alikubali kuniamini na chupa mbili za akiba. Kwa furaha niliseti nyuzi 2, nikaziweka chini kabisa, zikaegemea ukuta. Ukuta ule ndio wenyewe unaopooza. Asubuhi chupa moja ilikuwa na barafu ndani. Mfamasia aliniambia insulini ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Nambari inayosomeka kwenye friji ni ya pale kitambuzi kilipo, siyo ya kila pembe. Sasa naseti 5, dawa ina kontena lake la plastiki lililoviringishwa taulo ndani ya kikapu cha juu, na kipimajoto cha pili kinakaa nayo humohumo.

Mengine ni mazoea. Friji tunaipooza nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, tukiwa na chupa za maji zilizogandishwa, ili betri isianze na mzigo wa vitu vya moto. Ikibebwa kwa kulazwa inaachwa imesimama masaa kadhaa kabla ya kuwashwa, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Chini nimeitandikia vipande vya raba ya tairi, maana mama alisema lile lidudu linakoroma kuliko marehemu baba.

Jumla, nikiondoa gari lenyewe na kuhesabu boksi la samaki, friji, reli, waya za kwanza na za pili, gesi mbili, betri, rilei na waya wake, paneli na kidhibiti chake, nimepita milioni mbili na laki tano. Kama laki tatu na nusu za hizo ni ada ya ujinga.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Korogwe. Segera nilisimama makusudi, nikavuta droo, nikafungua. Nyuzi 4. Changu walikuwa wagumu kama mawe kwenye barafu yao, macho angavu. Nikamwita mama aje aone, akachungulia, akasema "Maashallah, hongera mwanangu," akarudi kukaa kwenye kiti chake. Kisha akafungua kanga iliyokuwa mapajani, akaloweka upya kitambaa cha mtungi.